Haikuwa Pingu, Dada Wakesho

Munyaka, Eldoret

Dada yangu Wakesho,

Salamu kwanza, maneno baadaye, ndivyo Mama alivyotufunza. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka ilisaidia, au yule muuzaji alikupaka maneno matupu? Mimi simwamini mtu anayeuza dawa huku anatazama pembeni. Mtoto wetu Mkamburi bado anakataa uji? Na mvua huko Voi imekumbuka njia, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima. Midomo imepasuka kwa hii baridi kavu ya huku, lakini nakula na nalala. Nilipopanga hapa Munyaka maji yapo siku nyingi, na jirani wa ukuta mmoja nami anaimba nyimbo za kanisa kabla jogoo hajaamka, kwa hiyo ibada sikosi.

Bahasha nimeifunga kwa gundi, juu ya gundi nimebandika utepe, na juu ya utepe nimeweka sahihi, nusu kwenye utepe nusu kwenye karatasi. Najua ushaifungua kabla ya kusoma haya, lakini ichukue uiangalie hata sasa. Kama ile sahihi haikutani sawasawa, kuna mtu amepitia humu kabla yako, na nina wazo ni nani. Tutalizungumza jambo hilo siku nikija.

Utauliza kwa nini niandike na simu ipo. Simu yako, dada, unaiweka sauti ya nje ukiwa unakoroga sufuria, na jikoni kwako hapakosi jirani aliyekuja kuomba chumvi. Na pia wewe hunikatiza. Nikifika katikati ya jambo unasema "haya, haya, nimeelewa," na kumbe hujaelewa. Karatasi haikatizwi.

Sasa tuingie. Habari imenifikia kwamba habari imekufikia. Shemeji alinipigia, akaniuliza kuhusu baridi, akaniuliza mahindi ya huku yalivunwa vipi, akakohoa, kisha akashusha sauti akauliza kama niko nje. Nikamwambia niko ndani, dukani, nafanya kazi. Akasema, "Hapana, namaanisha nje." Ndipo nilipojua. Nikambana mpaka akanieleza kwamba Mwanyumba, yule dereva wa lori wa hapo mtaani, alipokuja kubeba mahindi Moi's Bridge alipitia mjini kunisalimu, akanikuta nimefungwa pingu pamoja na mzee mmoja, na mama mmoja mnene kasimama juu yetu mikono kiunoni, akageuza bila kusema hodi. Amefika huko amesema nimekuwa mwizi. Wewe ukasikia.

Nikuambie kilichoniuma? Si Mwanyumba. Mwanyumba tangu utoto akiona kivuli cha mbuzi atasema ni fisi. Kilichoniuma ni kwamba wewe hukunipigia. Ulimsukuma Shemeji aulize kuhusu baridi. Wewe uliyenifunga vifungo vya sare ya shule Mama alipotutoka, ukasikia mdogo wako kafungwa pingu, ukakaa kimya. Basi ukimya huo nimekaa nao, nimeugeuza huku na huku, na nimeona dawa yake ni kukueleza yote tangu mwanzo, ujue ulichoambiwa ni nini na kweli yake ni ipi.

Duka ninalofanyia kazi unalijua kwa maelezo. Mwenyewe ni Mama Chebet, mama wa hapa hapa, mkali lakini wa haki. Mbele tunauza chaja na vifuniko vya simu, na hapo anakaa Kamau, ambaye wazazi wake walikuja huku zamani kutoka Nyeri. Nyuma kuna meza yangu ya kutengeneza kompyuta. Sakafu yote Mama Chebet aliitandika zulia la kahawia, zulia zito, kwa sababu alisema wateja wakikanyaga saruji baridi wanafikiri duka ni la wezi. Kumbuka hilo zulia.

Jambo la kwanza nililojifunza hapa ni kwamba mtu akileta kompyuta haiachi. Anavuta kiti, anakaa nyuma ya bega lako, anapumua shingoni mwako mpaka umalize. Siwalaumu. Watu wamefanyiwa vituko. Mtu analeta mashine yenye memori nzuri, fundi anaichomoa anaweka kuukuu, mashine inarudi nyumbani inatambaa kama kinyonga. Kila mtu ana shangazi au mwalimu aliyefanyiwa hivyo. Na mimi ni mgeni zaidi ya wageni. Wakisikia jina Mwadime wanauliza, huyo ni wa wapi? Wakiambiwa Voi, wanasema, aa, mtu wa Pwani, na mtu wa Pwani akishaitwa hivyo huku, hata akipiga chafya kuna atakayefikiri ni majini.

Kwa hiyo nikabuni desturi yangu. Unanijua, napenda kumziba mtu mdomo kabla hajaufungua. Nikifungua mashine ya mteja, kila ninachochomoa simuonyeshi tu, namwekea kiganjani. "Shika chako," namwambia. Hii ni memori yako, kijiti hiki chembamba, kishike mwenyewe mpaka nikuombe. Hii ni diski yako, tia mfukoni. Nikimaliza kupangusa vumbi au kubadilisha feni, ananirudishia kwa mkono wake, na mimi narudisha mahali pake akiona. Hakuna wa kusema nimembadilishia. Watu walipenda sana. Walimu walipenda, wenye maduka walipenda, wakulima waliotoka mpaka miji ya mbali, Ziwa na Moi's Bridge, walikuja kwa sababu walisikia kuna fundi mjini anayekupa vitu vyako uvishike. Mama Chebet alinisifu mbele ya Kamau, na Kamau hakupenda. Nililiona hilo, nikaliweka akilini.

Mvua zilipokatika na mahindi yakaisha mashambani, ukaingia ule upepo wa huku ambao unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Asubuhi baridi, mchana jua kali, ngozi inapauka mpaka ukijikuna unaacha maandishi. Ndipo mashine zikaanza kurudi.

Hazikurudi siku ile ile, hilo ndilo lililokuwa baya. Mashine inatoka kwangu ikiwaka vizuri, mwenyewe anacheka, ananishika mkono. Inakaa nyumbani siku kadhaa, kisha inagoma. Inazima katikati ya kazi, au inawaka ikilia tu bila kuonyesha kitu. Nikiifungua nakuta memori imekufa. Sasa wewe jiweke katika kiatu cha mwenye mashine. Ilikuwa nzima, ikaenda kwa fundi, ikarudi, ikafa. Utasema nini? Mwalimu mmoja wa kike alisema mbele ya duka zima kwamba nilimwekea feki. Nikamkumbusha aliishika mwenyewe. Akanijibu kwamba hata wale wa karata tatu wanakuachia ushike, na bado unaliwa. Nilijiinamia.

Mama Chebet aliniita pembeni. Alisema yeye hanihukumu, lakini jina la duka ni la wanawe, halichezewi. Mashine moja tu ikirudi tena imekufa, nifunge virago nirudi kwetu, na atakayeuliza sababu ataambiwa kile ambacho watu wanasema. Umeelewa? Si kufukuzwa tu. Ningerudi Voi na jina la mwizi limetangulia mbele yangu kwenye basi.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama Kamau. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijiambia, ni nani mwingine yuko karibu na meza yangu nikienda msalani? Nani hakupenda niliposifiwa? Alikuwa akicheka na mtu kwenye simu, mimi nasikiliza. Akinunua viatu vipya, najiuliza vimetoka wapi. Akiniletea mandazi, nayanusa kwanza. Nikaenda sokoni nikanunua rangi ya kucha, nyekundu, yule mama muuzaji akaniangalia kwa namna yake, nikamwacha aangalie. Kila memori iliyopita kwangu nikaitia kitone upande wa chini, pembeni, mahali ambapo ni mimi tu ningejua pa kutazama. Nilisema, iletwe mashine iliyokufa, kitone kisiwepo, nimemshika.

Ikaletwa. Ya kijana anayetengeneza mabango ya matangazo. Mama Chebet hakuwepo siku hiyo, nadhani Mungu alimtuma mahali. Nikaifungua. Memori imekufa kabisa. Na kitone changu chekundu kilikuwepo pale pale.

Niliudhika, dada, nakuambia kweli. Mtu unajiandalia mwizi wiki nzima, halafu anageuka kuwa si mwizi. Kamau alikuwa msafi, na memori ile ilikuwa ya yule kijana tangu mwanzo. Hakuna aliyebadilisha kitu. Kitu chenyewe kilikuwa kimekufa mkononi mwetu na hatukuona kikifa. Nikamwekea memori nzima kutoka kwenye mashine yangu mwenyewe, akaenda bila kujua, na sasa nikabaki na mtu mmoja tu wa kumshuku, nami ndiye.

Hapa lazima nikueleze kidogo kazi yetu, na usiruke. Mwili wa mtu, kukiwa kukavu, hukusanya umeme kidogo kutokana na msuguano. Sweta ikisugua shati, kiatu kikisugua zulia, basi. Si ule wa kuua mtu. Ni ule unaokufanya uguse kitasa cha mlango ukaruka, watu wakakucheka. Mwingine hata huusikii. Lakini vile vipande vya kompyuta ni laini, umeme ambao wewe huusikii kwao ni radi. Unaweza kukiua kipande pale pale, au ukakijeruhi tu, kikaendelea kufanya kazi na kidonda ndani, kikafa baadaye kikiwa kwa mwenyewe. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huvaa mkanda mkononi wenye waya, na waya unashuka mpaka ardhini, ili huo umeme upate njia ya kutokea taratibu badala ya kurukia kwenye kipande. Mkanda wangu ni mweusi. Nauvaa kila ninapokaa mezani, sijawahi kuuacha. Nikaupima kwa mita, mzima. Nikapima waya, mzima. Nikabadilisha meza upande. Sasa niambie, mimi nimefungwa ardhini, nini kinaua?

Akaja Mzee Lagat.

Huyu ni mfugaji wa Ziwa, mzee mrefu, ana masikio ya kusikiliza hata usichosema. Alileta laptop ya kikundi chao cha maziwa, imejaa vumbi, inapata joto na kuzimika. Aliniambia waziwazi, kabla hajaketi, kwamba amesikia habari zangu zote mbili, nzuri na mbaya, na kwamba amekuja kuangalia mwenyewe ni ipi. Na mashine si yake. Wenzake ndio waliomkabidhi aitunze, na katika wenzake wapo wanaongoja ateleze. Kipande kimoja kikipotea, watasema Lagat ameuza. Nilimpenda hapo hapo, kwa sababu alikuwa anaogopa kitu kile kile ninachoogopa. Lakini sikumwonyesha.

Alikuwa amevaa sweta nzito, juu yake shuka, na miguuni gambuti, zile buti za mpira za kuingilia zizini, maana alitoka kukamua moja kwa moja. Alitembea kwenye zulia kutoka mlangoni mpaka kwangu, akazunguka meza akikagua, akarudi, akazunguka tena. Nikafungua mashine. Nikachomoa memori. Kama desturi yangu, nikamnyoshea. "Shika chako, Mzee." Akanyosha kidole.

Tap! Cheche ilionekana kati ya kidole chake na kile kipande, ndogo, ya buluu, nami nikaisikia vidoleni.

Mzee alirudi nyuma akakaribia kuanguka na kiti. "Umenitega nini hapa?" akauliza, si kwa kelele, kwa ile sauti ya mtu anayetaka mashahidi. Kamau akasimama. Mama Chebet akatoka kule mbele. Na mimi, dada, nikacheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka kwa furaha mpaka machozi yakatoka, kwa sababu miezi yote hiyo nilikuwa namwangalia mwizi usoni na kumwambia shika chako. Nilijifunga mimi ardhini, halafu kila kipande nikakitoa kwenye mkono uliofungwa nikakipeleka kwenye mkono usiofungwa, wa mtu aliyevaa sufu na kukanyaga zulia, akakitia mfukoni mwa sweta akakisugua humo nusu saa. Uaminifu wangu ndio uliokuwa unaviua vitu vya watu!

Lakini wewe fikiria vile ilivyoonekana. Mzee amepigwa shoti, fundi wa Pwani anacheka. Mzee akaikamata ile memori akaitia mfuko wa ndani wa sweta, chini ya shuka, mahali pabaya kuliko pote. Nikamwomba aitoe, akakataa. Nikamwomba tena, akasema ataitoa mbele ya chifu. Mama Chebet akaniangalia kwa jicho la kunifungia virago.

Nikaacha kucheka, nikaeleza. Nilieleza vibaya, na haraka, na Kamau akanisaidia, ndiyo, Kamau huyo huyo, akamwambia Mzee ni kama ukivua sweta gizani unaona cheche. Mzee aliangalia miguu yake. Kisha akauliza kama huu umeme ninaousema ni ndugu wa ule wa ua la ng'ombe. Maana kwake ameweka ua la waya wa umeme, na anajua kwamba ukiligusa umevaa gambuti halikufanyi kitu, ukiligusa miguu mitupu unaona nyota. Nikamwambia ni huo huo. Akafikiri. "Kwa hivyo umeme ulikuwa ndani yangu, na gambuti zimeukatalia kushuka," akasema. "Kwa hivyo mimi ndiyo ua." Nikamwambia ndiyo, Mzee, na mimi ndiye nilikuwa nafanya ng'ombe wa watu wakuguse.

Akatoa memori polepole, akaiweka juu ya meza. Hakunipa. Hakunyanyuka pia. Alisema ameelewa, lakini kuelewa si kuamini, na hatatoka kwenye kile kiti mpaka mashine ifungwe, na kila kipande atakishika kama ilivyo kawaida ya hapa. Nikasema basi afungwe mkanda kama mimi. Nilikuwa nao mwingine kwenye droo, mpya. Aliutazama kama nyoka. Akasema sharti ni kwamba mimi nimfunge wake, na yeye anifunge wangu upya, na waya wetu uwe mmoja, ili nikimfanyia kitu kinirudie mwenyewe. Nikakubali. Tukafungana, mkono wangu wa kushoto na wake wa kulia, nyaya zetu zikakutana kwenye msumari mmoja wenye waya wa ardhini, na Mama Chebet kasimama juu yetu mikono kiunoni kuhakikisha hakuna ujanja. Kamau akasema, "Haya, wote mmekamatwa."

Na hapo, dada yangu, mlango ulifunguka na kufungwa. Niliona mgongo tu, na koti la kijani. Nikajiuliza ni nani huyo anakuja dukani kwetu na kuondoka bila hata habari zenu, nikamshuku kuwa mpelelezi wa duka la jirani. Sasa najua. Ni Mwanyumba na macho yake ya fisi.

Nilimaliza kazi. Kila kipande alikishika na hakuna kilichoruka. Lakini lilibaki jambo moja. Ile memori ilikuwa imeshapigwa. Ilikuwa inafanya kazi, mashine iliwaka vizuri, Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Ningeweza kunyamaza. Mama Chebet alikuwa bado amesimama pale, na mashine moja tu ikirudi ndiyo mwisho wangu, alishasema. Nikafikiria kunyamaza, nakwambia kweli. Halafu nikamwambia Mzee mbele yake, kwamba ile cheche huenda imeijeruhi memori yako, huenda ikadumu, huenda ikafa ikiwa kwako, na ikifa si wewe wala si mimi aliyeibadilisha. Mzee akakunja shuka lake, akaondoka.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Kila mlango ukifunguka natazama ni nani. Tukaondoa zulia, mimi na Kamau, Mama Chebet akinung'unika kuhusu zulia lake. Kila mteja sasa anafungwa mkanda, na asiyetaka mkanda kipande chake nakitia kwenye ule mfuko maalumu unaong'aa, wa kuzuia huo umeme, aushike mfuko. Watu wanacheka, lakini wanafungwa. Mandazi ya Kamau nayala bila kunusa, ingawa bado sijui viatu vile vilitoka wapi.

Kisha Mzee Lagat akarudi. Nilimwona tangu nje, na mfuko wa ile laptop kwapani. Mama Chebet naye akamwona. Alinigeukia polepole, na nilijua anachokwenda kusema. Nikaanza kuhesabu vitu vyangu kichwani, godoro, jiko, sufuria. Nilikuona wewe mlangoni kwako ukiniona nashuka na mizigo, na majirani nyuma yako.

Mzee akaiweka mashine mezani. Imekufa, akasema. Mama Chebet akavuta pumzi. Mzee akainua mkono kumzuia, akamwambia, "Mama, huyu aliniambia itakufa. Mwizi hamuagi mtu."

Ni hivyo tu alivyosema. Mama Chebet akafunga mdomo, akarudi kwenye chaja zake. Nikafungua mashine, nikamwandalia mkanda wake, nikamvutia kiti chake mahali pale pale nyuma ya bega langu. Mzee hakukaa. Alitazama mashine ya kikundi chake iko wazi, matumbo yote nje, akatazama mkanda, akautundika kwenye msumari. Akasema, "Naenda kunywa chai. Wewe endelea."

Akatoka.

Wakesho, tangu nije Eldoret hakuna mtu aliyewahi kuniacha peke yangu na mashine yake wazi. Hakuna hata mmoja. Nilikaa nikaiangalia, mikono haijui pa kuanzia. Mimi ni mimi, kwa hiyo nilifikiri ni mtego. Nikanyanyuka, nikachungulia dirishani. Alikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo upande wetu, anapuliza kikombe, anaongea na mwenye kibanda kuhusu ng'ombe. Hakugeuka. Nilingoja ageuke, hakugeuka. Nikarudi mezani, nikavaa mkanda wangu, nikafanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na nililia kidogo, na aliyeniona ni Kamau tu.

Hiyo ndiyo pingu aliyoiona Mwanyumba.

Nisalimie Shemeji, mwambie niko nje, na ashukuriwe kwa kuuliza hata kama aliuliza kwa kuzunguka. Nisalimie Shangazi mkubwa na umwambie nimemtafutia shuka la huku, zito, ila asilivae akigusa redio yake. Mbusu Mkamburi mtoto wetu, na uji anywe. Msalimie hata Mwanyumba, dereva wetu, mwambie akipita tena aseme hodi, nitamfunga na yeye.

Na wewe, dada. Watakuja tena kukuambia jambo juu yangu, maana niko mbali na watu wana midomo. Sikuombi ubishane nao. Sikuombi hata unipigie simu. Wakianza kusema, wewe wape mgongo, ujimiminie kikombe, unywe chai yako.

Mdogo wako, mikono yote miwili huru isipokuwa saa za kazi,

Mwadime